Namna ya kumsaidia mtumishi wa afya baada ya tukio lililomdhuru mgonjwa

Mgonjwa anapodhurika au kufariki kwa sababu inayotokana na huduma aliyopewa, si kwa ugonjwa wake peke yake, macho yote huelekea kwake na kwa ndugu zake, na ndivyo inavyopasa. Hata hivyo yupo mtu mwingine aliyeumia katika chumba kilekile: muuguzi aliyechoma sindano, daktari aliyeamua kusubiri kidogo kabla ya kupasua, mtaalamu wa usingizi, mfamasia aliyetoa dawa, au mhudumu aliyesukuma kitanda na kushuhudia yote. Mtu huyo hurudi nyumbani kwake Mbagala, Kimara au Gongo la Mboto akiwa na maswali asiyoweza kumuuliza yeyote, na zamu inayofuata anatarajiwa awepo kazini akiwa mzima. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wauguzi wafawidhi, madaktari viongozi, waganga wafawidhi na watumishi wa kawaida wa hospitali, vituo vya afya na zahanati za Dar es Salaam, ambao wangependa kumsaidia mwenzao lakini hawajui waanzie wapi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban mgonjwa 1 kati ya 10 hudhurika anapopata huduma za afya, na kwamba zaidi ya nusu ya madhara hayo yangeweza kuzuilika. Maana yake ni kwamba mtumishi anayefanya kazi kwa miaka mingi katika wodi yenye wagonjwa wengi ana uwezekano mkubwa wa kukutana na tukio la namna hii, hata awe makini kiasi gani. Mwaka 2000, daktari wa Marekani Albert Wu aliandika katika jarida la kitabibu la Uingereza kwamba mtumishi anayehusika na kosa la kitabibu ni mwathirika wa pili wa kosa hilo, baada ya mgonjwa na familia yake. Miaka michache baadaye Susan Scott na wenzake wa Chuo Kikuu cha Missouri wakawahoji watumishi waliopitia matukio hayo, na mwaka 2009 wakaeleza hatua wanazopitia: vurugu ya mwanzo, picha za tukio kurudi kichwani zenyewe, hofu ya kupoteza heshima kazini, kuhojiwa na wakubwa, kutafuta mtu wa kumwegemea, na hatimaye kusonga mbele kwa moja ya namna tatu, yaani kuacha kazi ile, kubaki ukiwa na jeraha, au kujifunza na kuimarika.

Katika mambo yote yatakayofuata, lipo moja ambalo kwa maoni yangu likikosekana mengine hayasaidii: mtu anayemsikiliza mtumishi aliyeumia asiwe ndiye anayemchunguza. Kazi hizi mbili zote ni za lazima, na zote zaweza kufanywa kwa heshima, lakini zikiwekwa mikononi mwa mtu mmoja mtumishi hatasema neno la kweli kwa mfariji wala kwa mchunguzi.

Mgonjwa kwanza

Kabla ya kumgeukia mtumishi, hakikisha mgonjwa yuko mikononi mwa watu wengine wenye utulivu. Ikiwa bado anahudumiwa, aliyehusika na tukio apumzishwe kwa upole na mwenzake ashike nafasi yake, kwa sababu mikono inayotetemeka haifai kuendelea kupima dawa. Vifaa vilivyotumika, chupa za dawa, dripu na faili vihifadhiwe kama vilivyo. Kumbukumbu ziandikwe mapema, kwa saa halisi, na pasiwe na mtu wa kumshauri mtumishi afute au aongeze maandishi ili kujikinga. Ushauri huo hutolewa mara nyingi kwa nia njema, nao ndio unaogeuza kosa la kibinadamu kuwa kosa la jinai na kumwachia mhusika mzigo wa pili ambao hauna msaidizi.

Saa za kwanza

Tuchukue mfano wa leba, saa kumi na moja alfajiri. Mama aliyejifungua salama saa nane usiku ameanza kutokwa na damu nyingi, oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, imetolewa, tumbo limesuguliwa, damu ya kuongezewa imechelewa kufika, na mama amefariki. Mkunga aliyemzalisha ni yule yule anayetakiwa kukabidhi zamu saa moja na nusu asubuhi. Amesimama kwenye sinki, maji yanatiririka, ananawa mikono ambayo ilikwishatakata zamani, na kila baada ya muda mfupi anainua saa iliyobandikwa kifuani kwake na kuitazama, kana kwamba anahesabu upya dakika zilizopita kati ya wito wa kwanza na daktari kufika. Watu wanapita nyuma yake. Kila mmoja anajua, na kila mmoja anadhani mwingine atasema naye.

Anayefaa kumsogelea ni mtu mmoja, na si lazima awe mkubwa. Afunge bomba, amwite kwa jina analozoea kuitwa kazini, amtoe pale. Maneno ya kuanzia yawe machache na ya kawaida: "Sista, njoo tukae huku. Kabidhi yako nitaifanya na wewe, hutaifanya peke yako." Ampeleke kwenye chumba cha chai, au stoo ikiwa hakuna chumba kingine, mahali ambapo ndugu wa marehemu hawatamkuta wala wanafunzi wa mazoezi hawataingia na kutoka. Amletee maji au chai yenye sukari, na asimwombe aeleze kilichotokea. Ikiwa ataeleza mwenyewe, asikilizwe mpaka mwisho bila kukatizwa kwa swali la kitaalamu. Swali kama "kwani hukuita daktari mapema?" laweza kuwa la haki kabisa siku ya uchunguzi, lakini asubuhi ile ni kofi.

Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 unajengwa juu ya vitendo vitatu: tazama, sikiliza, unganisha. Kutazama ni kuona kama mtu ana hatari ya haraka, kama anatetemeka, amepigwa bumbuwazi, hawezi kusimama au hajitambui vizuri. Kusikiliza ni kuwa tayari bila kumlazimisha azungumze. Kuunganisha ni kumfikisha kwa watu na huduma anazozihitaji, na hapa ndipo sisi hukosea sana, kwa kuwa tunasema pole kwa moyo wote kisha tunamwacha aondoke peke yake.

Fikiria safari yake ya kurudi nyumbani. Mtu aliyekesha, aliyeshuhudia kifo, sasa anapaswa kuvuka barabara, kugombania daladala au kupanda bodaboda hadi Chanika, kisha akifika watoto wanamsubiri. Mpigieni simu mume wake, dada yake au jirani kabla hajaondoka, kwa idhini yake, na mseme tu kwamba zamu imekuwa nzito na asiachwe peke yake. Habari za mgonjwa zisitajwe. Ikiwezekana mwenzake anayeishi njia ileile asafiri naye. Kama kituo kina gari, hii ni sababu nzuri ya kulitumia kuliko nyingi zinazokubaliwa. Na yule msaidizi ampigie simu jioni ya siku hiyo, si kwa maswali, bali kumjulisha kwamba kuna mtu anayemkumbuka.

Jambo moja kuhusu dawa. Hospitalini dayazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi ya kundi la benzodiazepini, haiko mbali, na huruma humfanya mwenzetu aseme, "Meza hii ulale." Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2013 haishauri dawa za kundi hilo kwa watu wazima wenye dalili za msongo mkali au usingizi uliokatika katika mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha. Vilevile, kuwakusanya watumishi wote katika kikao kimoja na kuwataka kila mmoja asimulie kwa kina alichokiona na alivyojisikia ni desturi iliyopimwa kitafiti na haikuonekana kuzuia madhara ya baadaye. Kwa baadhi ya watu inaweza hata kuzidisha. Kikao kifupi cha zamu nzima cha kupeana taarifa, kushukuru na kueleza nini kitafuata kinafaa. Kulazimishana kusimulia hakufai.

Maneno ya kusema na ya kuacha

Katika misiba yetu kuna maneno tuliyorithi, na mengi ni mazuri. Lakini mtumishi aliyehusika na tukio si mfiwa wa kawaida, na baadhi ya maneno yale yale yanayomtuliza mfiwa humfungia yeye mlango. "Kazi ya Mungu haina makosa" ni neno la imani, na mtu mwenye imani huenda akalihitaji baadaye. Likisemwa saa ya kwanza kwa mtu anayejiuliza kama alipima dozi sawasawa, linamwambia kwamba mazungumzo yamekwisha. "Siku zake zilikuwa zimefika" linafanya vivyo hivyo. "Jikaze, wewe ni daktari" ni baya zaidi, kwa sababu linamfundisha kwamba huzuni yake ni udhaifu wa kitaaluma. Na "hukukosea kitu" halifai hata kama unaliamini, maana hujui bado, na yeye anajua kwamba hujui. Asubuhi inayofuata uchunguzi ukionyesha kulikuwa na kasoro, atakuwa amepoteza imani kwa aliyemfariji.

Yanayosaidia ni maneno ya kweli yasiyotoa hukumu. "Pole, naona ulivyoumia." "Nipo hapa mpaka ukabidhi zamu." "Usiku ule nilikuona ukihangaika na yule mama, sijalisahau hilo." "Unataka nikae na wewe au unataka uwe peke yako kidogo?" Ikiwa aliyesikiliza amewahi kupitia jambo kama hilo, anaweza kulitaja kwa sentensi mbili, ili mwenzake ajue kwamba mtu hupita na kubaki kazini, kisha arudi kwenye kusikiliza, maana habari ndefu ya mfariji humbebesha anayefarijiwa kazi ya kufariji. Kimya pia ni jibu halali, iwapo mtu amekaa karibu.

Anayesikiliza aseme mapema mipaka ya siri. Aahidi kwamba hataandika chochote, hatapeleka habari kwa mkubwa wala kwenye kundi la WhatsApp la wodi, isipokuwa jambo moja: akiona maisha ya mtu yako hatarini, atatafuta msaada. Ahadi hiyo itolewe kabla mtu hajaanza kueleza, na itunzwe. Hospitali za jiji hili ni kubwa kwa majengo lakini habari husafiri upesi. Neno lililosemwa wodi ya wazazi asubuhi huwa limefika maabara kabla ya chakula cha mchana.

Hapa niseme pia kuhusu simu. Picha ya faili, ya mgonjwa au ya mtumishi anayelia isipigwe wala kusambazwa. Ndugu wakirekodi na video ikaenea mitandaoni, mtumishi asiachwe aikute mwenyewe usiku akiwa kitandani. Aambiwe na mtu anayemwamini, ashauriwe asisome maoni ya watu, na uongozi utoe kauli moja kwa jina la kituo.

Mbele ya ndugu wa mgonjwa

Familia ina haki ya kuambiwa ukweli, mapema, kwa lugha inayoeleweka, na kuombwa radhi pale inapostahili. Kazi hiyo iongozwe na daktari mwandamizi au mganga mfawidhi, akiwa na muuguzi mfawidhi na afisa ustawi wa jamii, katika chumba chenye viti, si koridoni. Aliyehusika asitupwe mbele ya ndugu akiwa bado anatetemeka, na asifichwe milele pia. Wapo wanaotamani sana kumwambia mama wa marehemu neno moja la majuto, na wasipopata nafasi hiyo hubaki wakiikosa kwa miaka. Aulizwe anachotaka, familia nayo iulizwe, na ikiwa pande zote zinaridhia, mkutano huo uandaliwe siku nyingine kwa utulivu.

Hasira za ndugu zinaeleweka, na mara nyingine hupanda hadi vitisho. Mlinzi asimame karibu na wodi, mtumishi atolewe kwa mlango mwingine, na zamu yake ya siku inayofuata ipangwe kitengo tofauti. Kumlinda kwa namna hii si kukiri kosa wala kulikana.

Uchunguzi usiogeuka adhabu

Kifo cha mama mjamzito au mzazi hakipiti kimya nchini kwetu. Taarifa yake hutakiwa kutolewa ndani ya saa 24, na baadaye hufanyika kikao cha mapitio ambacho kwa kanuni yake hakitaji majina wala kutafuta wa kulaumiwa, bali hutafuta pengo lililosababisha kifo: damu haikuwepo, gari la wagonjwa lilichelewa, mkunga mmoja alikuwa na wazazi wengi mno kwa wakati mmoja. Kanuni hiyo ni nzuri. Shida ni kwamba katika chumba chenye watu wanaofahamiana, kutotaja jina hakumfichi mtu. Kila aliyeketi anajua nani alikuwa zamu. Mwenyekiti wa kikao ndiye anayeamua kama kanuni itakuwa na uhai. Akianza kwa kuuliza "mfumo ulituangusha wapi?", na akakatiza kwa adabu kila anayesema "yule sista", mkunga ataweza kueleza saa ile ilivyokuwa, na kituo kitajifunza. Akianza kwa ukali, atapata majibu mafupi na faili lililoandikwa vizuri kupita ukweli.

Kabla ya kikao, mtumishi aelezwe kwa mdomo, na mtu mmoja anayejulikana, mambo haya: nani watakuwepo, ataulizwa nini, kitachukua muda gani, na matokeo yatapelekwa wapi. Hofu ya kisichojulikana huwala watu kuliko kikao chenyewe. Aruhusiwe kuingia na mwenzake wa kumtia moyo, ambaye hatasema lolote. Ikiwa kuna uwezekano wa suala kufika polisi, mahakamani, Baraza la Madaktari Tanganyika au Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, asifichwe jambo hilo. Aelekezwe kwa chama chake cha kitaaluma au cha wafanyakazi, kama vile Chama cha Madaktari Tanzania, Chama cha Wauguzi Tanzania au TUGHE, ili apate ushauri wa kisheria kabla ya kuandika maelezo marefu. Msaidizi wa kihisia asiwe mshauri wake wa sheria, na ni busara azungumze naye zaidi juu ya hali yake kuliko juu ya undani wa kilichotokea.

Uwajibikaji haufutwi kwa huruma. Mtumishi aliyekuja kazini amelewa, aliyekataa kwa makusudi kumwona mgonjwa au aliyeghushi kumbukumbu anashughulikiwa kwa taratibu za nidhamu. Aliyechanganya chupa mbili zinazofanana, zilizowekwa rafu moja, mwishoni mwa zamu ndefu, anahitaji jambo tofauti, na chupa zile zinahitaji kutenganishwa siku hiyohiyo. Kuitenga hali ya kwanza na ya pili mbele ya watumishi wote ndiko kunakowapa ujasiri wa kuripoti tukio linalofuata.

Matokeo ya mapitio yamfikie mhusika kwanza, kwa mdomo, kutoka kwa kiongozi wake wa karibu. Nimeyapa uzito haya kwa sababu watu wengi husimulia kwamba kilichowaumiza kupita tukio ni zile wiki za kusubiri bila kuambiwa neno, kisha kusikia hukumu kutoka kwa mtu wa kitengo kingine.

Wiki zinazofuata

Siku tatu za kwanza watu huwa wengi. Wiki ya tatu hakuna anayeuliza tena, ilhali huo ndio wakati ambao picha za tukio hurudi kwa nguvu: sauti ya mashine, harufu, sura ya mume wa marehemu akiwa ameshika beseni na kanga za mtoto. Kwa hiyo msaidizi ajiwekee tarehe za kumtafuta mwenzake, kwa mfano baada ya siku tatu, baada ya wiki mbili, baada ya mwezi, na tena siku ya kikao cha mapitio. Ujumbe mfupi unatosha, lakini usiwe "uko poa?", ambalo jibu lake linajulikana. Aulize jambo linaloweza kujibiwa: umelala saa ngapi jana, unakula, umeshaingia tena leba, umeongea na nani nyumbani.

Suala la kupangiwa kazi linahitaji uangalifu. Kumpa mapumziko ya siku chache ni jambo jema akilihitaji, lakini kumhamisha wodi bila kumuuliza wengi hulipokea kama hukumu, na kumpa likizo ndefu ya kukaa nyumbani peke yake mara nyingine humzidishia mawazo. Muulize. Akichagua kurudi, arudi kwa hatua: zamu za mchana kwanza, akiwa na mwenzake mwenye uzoefu, na mara ya kwanza atakapokutana na hali ileile, tuseme mama mwingine anayetokwa na damu, pawepo mtu wa kusimama naye. Kuivuka mara hiyo ya kwanza salama kuna thamani kubwa kuliko maneno mengi.

Dini ina nafasi yake. Wapo watakaotaka kuzungumza na imamu, mchungaji au padri kabla ya mtu mwingine yeyote, na hilo liungwe mkono pale linapotoka kwao. Viongozi wa dini wanaofika wodini mara kwa mara wafahamishwe kwamba watumishi nao ni watu wa kuombewa na kusikilizwa.

Anapohitaji mtaalamu

Watu wengi hupata nafuu kwa msaada wa wenzao. Mfumo uliojengwa na Susan Scott na wenzake wa Missouri ulikadiria kwamba takriban asilimia 60 wanatosheka na msaada wa wenzao wa kitengoni na kiongozi wao, asilimia 30 wanahitaji msaidizi aliyefunzwa, na asilimia 10 wanahitaji mtaalamu. Usingizi uliopotea, moyo kwenda mbio na machozi ya ghafla katika wiki za mwanzo ni mambo ya kawaida. Yakiendelea zaidi ya mwezi, au mtu akianza kukwepa wagonjwa, kukagua kila dozi mara nyingi mno hadi kazi inakwama, kunywa pombe ili alale, kuchukua dawa za wodi kwa matumizi yake, au kusema kwamba familia yake ingekuwa na amani bila yeye, apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili.

Ukihisi anafikiria kujiua, muulize waziwazi. Swali hilo halipandi wazo ambalo halikuwepo. Mara nyingi humpa mtu ruhusa ya kutua mzigo. Akikiri, asiachwe peke yake, asiachiwe funguo za kabati la dawa, na apelekwe siku hiyohiyo. Watumishi wa afya wanajua dozi na wanazifikia dawa, kwa hiyo kauli kama hiyo kutoka kwao ichukuliwe kwa uzito wote.

Dar es Salaam haikosi pa kupeleka mtu. Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili, na huduma za afya ya akili hupatikana pia katika hospitali za rufaa za mkoa za Amana, Temeke na Mwananyamala. Kikwazo kikubwa ni aibu ya kuonekana. Muuguzi wa hospitali fulani hatapenda kuketi kwenye benchi la kliniki ya akili ya hospitali hiyohiyo, akisalimiana na wagonjwa aliowahudumia jana. Waganga wafawidhi wangefanya jambo la maana wakikubaliana kupokeleana watumishi: wa Temeke aonwe Mwananyamala, wa Mwananyamala aonwe Amana, kwa miadi ya simu, nje ya foleni, na faili lisipite mapokezi ya kawaida.

Watarajali, wahudumu na zahanati ndogo

Mtarajali, yaani mhitimu aliye katika mafunzo ya kazi hospitalini, ndiye anayeumia kimya kuliko wote. Yuko kwenye mwaka wa kutathminiwa, anaogopa kwamba machozi yataandikwa kwenye ripoti yake, na mara nyingi amepangiwa jijini akiwa na familia mikoani. Daktari bingwa anayemsimamia asisubiri mtarajali aje; amwite yeye, amweleze kwamba mazungumzo hayo hayaingii kwenye tathmini, na alitimize hilo. Wahudumu wa afya, madereva wa magari ya wagonjwa na watu wa chumba cha maiti husahauliwa kabisa, japokuwa huona mengi na hawana mtu wa kuwaeleza maana ya walichokiona kitabibu. Dakika tano za kumweleza dereva kwamba hata angefika mapema zaidi mgonjwa yule asingepona, ikiwa ni kweli, zaweza kumwondolea usiku mwingi wa kujilaumu.

Katika zahanati yenye watumishi wanne, kanuni ya kutenganisha anayesikiliza na anayechunguza inaonekana haiwezekani, kwa sababu mfawidhi ndiye kila kitu. Njia iliyopo ni kuungana na zahanati au kituo cha afya cha kata jirani, ili muuguzi wa huku asikilizwe na wa kule.

Namna ya kuanza bila bajeti

Hospitali ya Johns Hopkins ilianzisha kikundi chake cha watumishi wanaowasaidia wenzao mwaka 2011, na kilichoifanya ifanikiwe si majengo. Hapa pia inatosha kuanza na watu sita au wanane kutoka kada tofauti, wanawake na wanaume, wa mchana na wa usiku. Usiwachague kwa vyeo. Waulize watumishi kwa karatasi zisizo na majina: ukipatwa na jambo zito kazini, ungemwendea nani? Majina yatakayojirudia ndiyo hayo. Wafundishwe kwa siku moja au mbili na mwanasaikolojia au muuguzi wa afya ya akili wa mkoa: kusikiliza, kutunza siri, kutambua dalili za hatari, na kujua wapi pa kumpeleka mtu. Wakutane kila mwezi wapunguziane uzito wa waliyoyasikia, bila kutaja majina, kwa sababu sikio nalo huchoka.

Msaidizi wa zamu aandikwe kwenye ratiba ya wodi chini ya jina la daktari wa zamu, na namba yake ibandikwe kwenye chumba cha chai. Aitwe na mfawidhi mara tu tukio linapotokea, bila kusubiri mhusika aombe, maana mtu aliyepigwa na bumbuwazi haombi. Mhusika akisema hahitaji mtu, msaidizi amwachie namba, aondoke, na kesho yake ampigie.